Boga la Saa Tano na Nusu

Mimi sichelewi. Waulize wote waliofanya kazi ya filamu pale Gandhinagar, mtaa wa sinema wa Bengaluru, wale walio hai bado, watakwambia: Puttaswamy akisema chai saa kumi na mbili asubuhi, chai iko mezani kabla ya saa kumi na mbili. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa meneja wa kambi za filamu. Magari yangu mimi, vyumba vyangu mimi, chakula cha watu themanini, kamba, ngazi, mara moja hata tembo, na kila siku ya mwisho ya kazi, boga. Waigizaji walinibandika jina, Saa ya Ukutani. Nami mpumbavu nikavimba kichwa.

Ninayetaka kumsimulia si mimi. Ni Rudramuni, mwongozaji, mtu aliyetengeneza filamu kumi na moja kwa Kikannada, lugha yetu, na leo ukiwauliza vijana watakutajia moja tu. Ila habari zake zimenasa kwenye huku kutochelewa kwangu, na nimejaribu kuzinasua mara nyingi, zimekataa. Basi tuzichukue hivyohivyo.

Alizaliwa upande wa Ron, kwenye udongo mweusi, baba yake akiuza mablanketi ya sufu. Alipofika miaka kumi na minane likapita kundi la maigizo, wale wa hema, magari ya ng'ombe na mapazia yaliyochorwa majumba ya wafalme. Aliingia kutazama siku ya kwanza, ya pili akaingia tena, ya tatu akaondoka nao. Baba yake alimfuata hadi Gadag na fimbo. Walipoonana, fimbo haikutumika. Mzee alilia tu, akarudi kwa basi.

Kazi aliyopewa ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na daftari, kumnong'onezea mwigizaji aliyesahau maneno yake. Na mwenye kundi alikuwa mwanamke, Tungamma, aliyecheza malkia, mama wa kambo, na wajane wenye visasi. Tungamma hakujua kusoma hata herufi moja. Rudramuni alimsomea kila kitu mara tatu, na ya nne mama alikuwa anakisema huku anakanda unga. Alimlisha yule kijana mikate ya mtama na chatne ya karanga, akamtukana kwa upendo mchana kutwa.

"Rudra," alikuwa akimwambia, "mdomo wako una maneno ya watu wote, ila ya kwako hayamo. Lini utasema lako wewe, mwanangu?"

Alikuwa amemwona sawasawa. Rudramuni alikuwa mpole mno. Kusema hapana kwake ilikuwa kama kung'olewa jino.

Sinema zilipoyaua mahema, alikuja Bengaluru. Miaka saba akabeba mafaili ya waongozaji wengine, kisha akapata filamu yake. Tulimwita Mwalimu, kwa sababu hakuvumilia mtu kuharibu matamshi. Angekurudisha kwenye neno moja mara kumi na tano, kwa upole uleule, mpaka utamani akupige kofi mkamalizana. Filamu zake nne za kwanza zilikuwa za watu wadogo: msusi wa mikeka, karani wa posta, vitu kama hivyo. Zilitazamwa kidogo, zikasifiwa kidogo.

Ya tano ndiyo hiyo mnayoijua, Bibi wa Barazani. Mwaka wa themanini na mbili.

Nilikuwa naye alipokwenda kumtafuta Tungamma. Tulimkuta Gadag, chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, vumbi la unga kila mahali, yeye mwenyewe mweupe nusu. Umri wake ulikuwa miaka sitini na minane. Alimtazama Mwalimu juu hadi chini, akasema, "Umenenepa. Mke anakupikia, au umeanza kula rushwa?"

Mwalimu akaketi sakafuni miguuni pake. "Mama, nina filamu. Bibi anakaa barazani, anaona kila kitu cha nyumba ile, wizi, ndoa, ugomvi, na hasemi neno. Filamu nzima. Halafu mwishoni anasema. Dakika nne, wewe peke yako, uso wako, bila kukatizwa."

"Dakika nne!" Tungamma akapiga paja. "Ebo! Mimi nilikuwa nikifa jukwaani kwa dakika ishirini, na watu wanapiga kelele nife tena, naamka, nakufa upya! Dakika nne nitafanya nini nazo?"

Tukacheka wote. Kisha Tungamma akafuta unga mikononi. Nayakumbuka aliyosema kwa sababu yalinichoma. "Hema limeoza, Rudra. Yale mapazia watu wameshona magunia. Miaka arobaini nimesema, na sauti yangu haikushikwa popote, hata picha moja ya ukutani sina. Nikifa, ndiyo imekwisha. Haya. Zishike hizo dakika nne zangu. Ila uzishike kweli."

"Nimeahidi, mama," alisema Mwalimu.

Maneno yenyewe aliyaandika baada ya kukaa naye siku tatu pale mashineni, akimsikiliza. Yalikuwa maisha yake yule mama, yamebadilishwa majina tu. Ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono, nakala moja. Akamsomea mara tatu.

Tulipiga kambi kijijini karibu na Melukote, kwenye nyumba ya zamani yenye baraza ndefu na nguzo za mbao. Staa wetu alikuwa Udayakeerti, aliyecheza mjukuu. Kijana mzuri wa sura, mwenye uchu wa tuzo. Alitaka watu waache kumwona kama mtu wa kupigana na kucheza tu. Bila jina lake ile filamu isingepata hata mtu wa kuipokea mlangoni, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko alivyoyajua maneno yake. Mpiga picha alikuwa Felix Lobo kutoka Mangaluru, mtu wa kanisani kila Jumapili, ila katika mambo ya kambi aliogopa mikosi kuliko sisi sote.

Kila asubuhi Tungamma alikuja kukaa karibu na jiko langu, kwa sababu ya joto la masufuria ya idli, vile vikate vya mchele vya mvuke. Anajifunika shali, anasema maneno yake kwa sauti ya chini, mwanzo hadi mwisho. Siku ishirini na sita alifanya hivyo, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nami nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nahesabu sahani. Namwambia, "Mama, sogea kidogo, utaungua," naendelea kuhesabu.

Siku ya mwisho ilipangwa hivi: asubuhi vipande vidogo vya Udayakeerti, na saa kumi jioni dakika nne za Tungamma, wakati jua linaingia barazani kwa pembeni na kumfikia usoni. Lobo alikuwa ameliwinda jua hilo wiki nzima. Baada ya hapo, boga.

Boga letu mnalijua. Lile jeupe kubwa, linapakwa unga mwekundu, linawashwa kafuri juu, linazungushwa mbele ya kamera na watu, kisha linapasuliwa chini, na vijicho vyote vya kazi ile vinaondoka nalo. Likishapasuliwa, filamu imefungwa. Makambi mengine yanapasua boga leo na kesho yanaokoteza vipande vilivyosahaulika, hawajali. Letu sivyo. Kule Sakleshpur tuliwahi kuwasha kamera baada ya boga, kipande cha mlango tu kufunguka, na Kariyappa wa taa akaanguka kutoka kwenye ngazi akavunjika nyonga. Toka siku hiyo Lobo aliapa, na sisi sote tukaapa naye.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho, Udayakeerti akaleta habari. Mnajimu wake amesema boga lipasuliwe kabla ya saa sita mchana, kwa mkono wa staa mwenyewe, kwa sababu kesho unaingia mwezi wa Ashadha, mwezi wa nuksi, na mchana kuna saa mbaya, na yeye hawezi kufungiwa filamu ndani ya saa mbaya.

"Mwalimu, si unaelewa?" alisema, mkono begani mwa Mwalimu. "Hako kakipande ka bibi mtakamalizia. Mimi nina kazi nyingine kesho, gari linanisubiri."

Mwalimu alisema, "Tutaona." Kwake yeye, hiyo ndiyo ilikuwa hapana. Udayakeerti akaisikia kama ndiyo, na nani angemlaumu.

Kisha Mwalimu akaja jikoni. Akajimiminia kahawa, kitu ambacho hakuwa akifanya, na akasimama karibu yangu akiitazama ile bilauri.

"Puttaswamy," akasema, "boga likichelewa leo, sitakununia."

Nikacheka! Jamani, nilicheka mpaka mwenye kukaanga mikate ya dosa akageuka. "Mwalimu, mimi kuchelewa? Labda jua nalo lichelewe!"

Akatabasamu kidogo. "Hata likija saa kumi na moja. Sitakununia."

"Acha utani, Mwalimu. Saa tano na nusu liko mkononi mwako."

Alikunywa kahawa yake, akaondoka. Nami nikapanda baiskeli kwenda sokoni, kilomita tisa, nikachagua boga la nguvu, lisilo na doa, nikalifunga nyuma kwa kamba ya mnazi. Njiani tairi lilipata pancha. Mungu mwenyewe alinipa pancha, unaona? Nami nikaikimbiza ile baiskeli kwa miguu, jasho linachuruzika, boga linarukaruka, kwa sababu Saa ya Ukutani haichelewi.

Saa tano na nusu nikaingia uani.

Tungamma alikuwa barazani tayari, amevaa ile sari ya pamba ya kijivu, amepakwa rangi. Walimweka mapema ili Lobo apime mwanga. Lobo alikuwa anazungusha filamu kidogo, ya majaribio tu, kuona uso unashikaje kivuli. Tungamma alikuwa amenyooka, macho kwenye kamera, midomo imefunguka kidogo, anasubiri kuambiwa aanze. Hakujua kwamba ni majaribio. Kwenye hema hakuna majaribio. Pazia likifunguka, umeshaanza.

"Boga hilo!" Udayakeerti akapiga makofi. "Saa ya Ukutani, mzee wa kazi! Haya, njooni wote!"

Watu wakakusanyika. Mwalimu alilitazama boga, kisha akanitazama mimi. Sikuuelewa uso ule. Nilidhani amefurahi. Nikamkabidhi Udayakeerti boga, kafuri ikawashwa.

"Mwalimu, tuko sawa?" akauliza staa.

Hapo. Hapo ndipo palipokuwa na mlango. Angesema "Subirini" tu. Neno moja. Watu themanini tungesubiri hadi saa kumi, mnajimu angetafutiwa la kuambiwa, staa angenuna akapona.

"Haya," alisema.

Boga likapasuka vipande vitatu. Watu wakashangilia.

Udayakeerti hakuwa ametoka hata getini, Mwalimu akamwendea Lobo. "Felix, saa kumi tunapiga ya mama."

Lobo alikuwa anafunga kamera kwenye sanduku lake. "Mwalimu, boga limepasuka."

"Ni dakika nne."

"Ya Sakleshpur ilikuwa nusu dakika. Nimeapa mbele ya watu, nawe ulikuwepo. Ningekuwa na mpiga picha mwingine ningekuachia kamera. Samahani sana."

Basi akamwendea Tungamma, na mimi nilikuwa nyuma yake na ufagio, nafagia vipande vya boga. Mama alikuwa ameshaanza kujifuta rangi kwa mafuta ya nazi.

"Mama, nitamlazimisha Lobo. Usifute."

"Utamlazimisha afanye nini? Baada ya boga?" Hakupandisha sauti. "Miaka arobaini, Rudra, sikuwahi kupanda jukwaani pazia la mwisho likishashuka. Hata mwenyewe ukiniomba kwa magoti, sisemi. Yakimpata mtu, yatakuwa yamempata kwa ajili ya mdomo wangu."

"Filamu ijayo, mama. Nitayaweka mwanzo kabisa."

"Sawa. Filamu ijayo." Akaendelea kufuta. Kisha akasema, "Mbona ulisema 'haya', mwanangu? Nilikuwa nakutazama. Nilidhani utasema 'subirini'."

Mwalimu alitoka nyuma ya nyumba, penye mnazi wa kisimani, akatoa ule ukurasa mmoja na nusu mfukoni, akauchana vipandevipande. Nilimwona. Nilidhani ni hasira za mchana, zitapita. Vipande nilivifagia pamoja na vya boga, maana siachi uchafu kambini.

Tungamma alifariki Gadag mwezi wa Karthika, miezi minne baadaye. Homa tu. Tulifika siku ya tatu.

Sasa sikia kilichofuata. Kwenye chumba cha kuhariri, filamu haikuwa na mwisho. Mhariri akaokota yale majaribio ya mwanga ya Lobo, sekunde arobaini za uso wa Tungamma, akayabandika mwishoni ili angalau pawe na kitu. Ikatoka hivyo. Na magazeti, lo! Magazeti yakaandika kwamba hapajawahi kutokea ujasiri wa namna ile: bibi anayengojewa aseme filamu nzima, halafu mwongozaji anamwacha kimya, na kimya kile kinasema kuliko maneno yote. Tuzo ikaja. Udayakeerti hakupata chochote, na hilo tu ndilo lililonifurahisha mwaka ule.

Mimi nilikuwa ukumbini siku ya tuzo. Walimuuliza Mwalimu kwenye kipaza sauti, "Wazo la ule ukimya lilikujaje?" Nikajisemea, sasa atasema. Akasema, "Asanteni sana," akashuka.

Akaandikiwa makala, akahojiwa, na kila mara swali ni lilelile na jibu lake ni asante. Nilimchukia kidogo kwa hilo, sitaficha. Lakini nami nilinyamaza, na mimi sikuwa na tuzo ya kuninyamazisha.

Filamu sita zilizofuata zilimfia mikononi. Alianza tabia moja iliyowachekesha watu: kabla ya boga anazunguka kambi nzima, kwa mpishi, kwa mshika mwavuli, kwa yule mama wa kupita nyuma na ndoo, akimuuliza kila mmoja, "Kuna neno lako ambalo hujasema?" Siku nzima inaweza kupotea hapo. Wenye fedha wakamchoka. Akaishia kwenye tamthilia za televisheni, kisha nyumbani Hanumanthanagar, na mke wake, na kikohozi.

Miaka miwili iliyopita, klabu ya filamu ya Mysuru ikamwalika. Jumapili, saa nne asubuhi, ukumbi wa chuo, wanafunzi kama mia mbili. Alikuwa na miaka sabini na minane. Aliniomba nimsindikize, nikamkalisha jukwaani, mimi nikaketi safu ya mbele. Filamu ikaonyeshwa, uso wa Tungamma ukajaa ukuta mzima. Wengine wanaona hekima, wengine wanaona hukumu. Mimi naona mama aliyepakwa rangi, anasubiri aambiwe "anza".

Binti mmoja mwenye miwani akasimama, akauliza lile swali la ukimya.

Mwalimu akashika meza, akainuka. "Si ukimya," alisema. "Sikupiga picha ya maneno yake. Niliogopa mtu, nikasema 'haya', nikamkata. Ndiyo habari yenyewe."

Wakacheka kwa heshima. Walidhani ni unyenyekevu wa wazee.

"Msicheke. Alikuwa na maneno. Niliyaandika mimi, kutoka kinywani mwake. Nitawasemea." Akajinyoosha, na naapa, mabega yakawa ya Tungamma. "Nimekaa barazani hapa miaka arobaini na miwili. Mmepita na viatu, mmepita bila viatu. Mmenivuka na vyungu, na mabibi harusi, na maiti. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza..."

Akakoma.

Midomo ikafunguka kidogo, ikabaki hivyo. Kisha akageuza kichwa, akanitazama mimi, kwa lile jicho ambalo mwigizaji anatupa nyuma ya pazia. Yeye aliyewanong'onezea watu miaka yote ile sasa anaomba neno moja. Nikatafuta. Nilirudi jikoni Melukote, nikaona shali, nikaona mvuke, nikaona mdomo wa mama unavyokwenda. Nikasikia sahani tu. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini.

Nikatikisa kichwa.

Alisimama hivyo, sijui muda gani. Na ukumbi mzima ukainuka, ukapiga makofi. Yule binti mwenye miwani alikuwa analia. Walidhani ametuonyesha ukimya kwa mara nyingine.

Baadaye nilimpeleka mkahawani kunywa kahawa. Hakugusa vada, bajia yake ya choroko.

"Baada ya 'aliyeniuliza' palikuwa na nini, Puttaswamy?"

"Sijui, Mwalimu."

"Nawe ulikuwa naye kila asubuhi."

"Nilikuwa naye."

Mwishowe likanitoka, limeniwasha miaka mingi. "Mwalimu, siku ile ungeniambia waziwazi. Ningelala njiani na hilo boga. Ningelitupa mtoni."

"Nilikuambia."

"Ulitania."

"Sikutania," alisema. "Sikuweza kumwambia yeye, nikakuambia wewe."

Akanywa kahawa yake, ikiwa imeshapoa.

Amefariki mwaka huu, mwezi wa Magha. Kwao huzika, hawachomi; mazishi yalitangazwa saa nane. Nilifika saa saba, kaburi lilikuwa bado linachimbwa, na hapakuwa na mwombolezaji mwingine.

Wachimbaji waliniambia, "Mzee, umewahi sana."